Ukiwa na grefe ya figo (figo ya kupandikizwa) na tumbo inaanza kukimbia, fanya hivi

Hapa Bukavu tumbo ikikimbia kila mutu ni munganga, anakuambia ni amibi, unapita ku farmasi unanunua Flagyl, basi. Mutu wa grefe usimufanyie vile hata kidogo. Yaya yangu walimupandikiza figo kule India, njo mi nilijifunza hii mambo.

Kwanza pigia munganga wake simu siku ileile. Dawa za kulinda ile figo zinashusha kinga, sasa virusi yenye wewe unamaliza nayo siku mbili tatu, kwake inaweza kaa wiki ao hata miezi, sana sana norovirusi, ile virusi ya kuharisha na kutapisha. Kuko na virusi ingine inaitwa CMV (sitomegalovirusi), hiyo wengi wetu tuko nayo imelala mu mwili tangu utoto, kinga ikishuka inaamuka, inaleta homa, vidonda mu matumbo, wengine mpaka wanahara damu. CMV iko na dawa, gansiklovir, norovirusi haina.

Wakati unangojea, anywishe. Lita 1 ya maji ya kuchemsha, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo ya chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo. Figo ya grefe haipendi kukauka.

Ku labo usisahau kuuliza kreatinini (inaonyesha figo inatumika namna gani) na kiwango cha takrolimus, moja ya zile dawa za kulinda figo. Hapa njo watu wanaangukia: mutu akihara, takrolimus inaweza panda mu damu hata kama dozi ni ileile, na ikizidi inaumiza figo. Tena mikofenolati, dawa ingine ya kulinda figo, yenyewe inaweza harisha, lakini usiikate wewe mwenyewe, munganga njo atapunguza, ukiikata ovyo mwili unaweza kataa figo. Na kama CMV haionekani mu damu usishangilie mbio, inaweza kuwa imejificha mu matumbo, hapo watapitisha kamera na kukata kanyama kadogo ka kupima.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hapana. Dawa ya kufunga tumbo, mpaka munganga akubali. Mizizi ya mama wa soko, pole mama, hapana pia.

Ku nyumba muoshe mikono na sabuni na maji, ile jeli ya alkoli haiui norovirusi vizuri, na WC mupitishe javeli. Kama kuko mtoto amepata chanjo ya rota, mutu mwingine amubadilishie kushi (nepi) kwa wiki kadhaa, ile chanjo ni virusi hai na inatoka mu choo yake.