Picha hailii: kabla ya kununua ampli iliyotumika

Mara kwa mara kijana ananifuata baada ya ibada, hapa Katuba, Lubumbashi, ananionyesha picha ya ampli, yaani kikuza sauti cha gitaa, kwenye simu. "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), angalia ampli hii, wananiuzia dola 90. Nichukue?" Namjibu kwamba picha hailii. Twende tukaisikie.

Mimi napiga gitaa katika kwaya, na siku nyingi meza yangu ya nyumbani ina ampli iliyofunguliwa mgongo. Hapa nazungumzia zile za transista, vipande vidogo vya kukuza umeme, si zile za zamani za lampu za kioo. Zikitunzwa zinadumu sana: Roland JC-120 ilitoka mwaka 1975 na hadi leo wapiga gitaa wanaitafuta. Umri peke yake usikuogopeshe. Cha kujua ni kwamba kuna ugonjwa unaopona kwa fedha kidogo na kuna ugonjwa unaoteketeza kila kitu, na mara nyingi ule mdogo ndio wenye kelele kubwa. Wengi wanakimbia ampli nzima kwa sababu inakwaruza, halafu wananunua mbovu iliyo kimya.

Anza kwa kuigeuza usome mgongo wake. Umeme wetu Lubumbashi ni volti 220. Ampli iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inaweza kuwa ya volti 120 tu. Ya kwanza kununua maishani mwangu ilikufa hivyo. Muuzaji alinipa adapta ya plagi, nami nikadhani inatosha. Adapta inabadilisha umbo la miguu ya plagi tu, volti zinapita vilevile. Moshi ulitoka kabla sijapiga noti hata moja. Nilikuwa nimeweka akiba ya miezi mitano. Kwa hiyo ukikuta 120, ongeza bei ya transfoma ya kushusha volti, tena yenye nguvu kuzidi wati zilizoandikwa mgongoni, ndipo ujue bei halisi. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti. Hakikisha imekaa upande wa 220 au 230.

Hapohapo angalia fyuzi. Ukikuta imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, acha. Fyuzi haikatiki bure. Kuna kitu ndani kilikuwa kinaikata, na mtu ameamua kukinyamazisha. Angalia pia kama waya wa ardhi haujakatwa kwenye plagi. Ukiwa umekatwa, mwimbaji anayepiga gitaa huku midomo imegusa maikrofoni anaweza kupigwa umeme kweli kweli. Hilo linarekebishika, lakini lirekebishwe kabla ya kupiga, si baada.

Sasa iwashe bila gitaa, vifungo vyote vikiwa sifuri, na macho yako yawe kwenye karatasi ya spika. Mshtuko mdogo, "pu", ni kawaida. Lakini karatasi ikisukumwa mbele au kuvutwa nyuma na kubaki huko huko, chomoa mara moja. Mara nyingi maana yake transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimeungua na zinapitisha umeme wa upande mmoja kama wa betri (DC) hadi kwenye koili ya spika. Koili haikuumbwa kwa umeme wa namna hiyo. Inapata moto na kuungua. Ukiwa na multimeta, kile kipimo cha umeme, pima kwenye waya za spika: milivolti chache si neno, volti kadhaa ni kifo. Ampli ya namna hiyo siinunui hata kwa dola 20, kwa sababu huwezi kujua zilipokufa zilikwenda na nini kingine.

Mvumo mzito unaosikika sauti ikiwa sifuri mara nyingi unatoka kwenye kapasita kubwa za umeme zilizozeeka. Zinabadilishwa. Shusha bei, usikimbie.

Kisha chomeka gitaa lako mwenyewe na waya wako mwenyewe, si vya muuzaji, ili ujue kinachokwaruza ni nini. Kifungo kikikwaruza unapokizungusha, kwa kawaida ni vumbi. Dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme inakimaliza. Sauti ikikatika unapotikisa waya kwenye tundu, mara nyingi lehemu imepasuka.

Na hapa ndipo ninapowaomba vijana wawe na subira. Ikiwa sauti ni hafifu sana au haitoki kabisa, angalia nyuma kama kuna matundu mawili ya vifaa vya efekti, vile vya kubadilisha sauti ya gitaa, moja la kutoa na moja la kurudisha. Ndani ya lile la kurudisha kuna kibati kidogo kinachounganisha njia wakati hakuna kitu kilichochomekwa. Kikishika kutu, sauti inaishia hapo. Chukua waya mfupi wa gitaa, unganisha tundu moja na jingine. Sauti ikirudi, umepata ampli nzima kwa bei ya mzoga. Tundu la kusikilizia masikioni nalo hunyamazisha spika kwa sababu ileile. Chomeka na kuchomoa mara kadhaa. Kijana mmoja wa komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, alinunua kwa dola 35 ampli iliyoitwa maiti. Tuliifufua kwa waya, kisha kwa dawa ya kupuliza, na Jumapili iliyofuata ilikuwa kanisani.

Izime, bonyeza karatasi ya spika taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwangua ndani, koili imeharibika. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikitenganishwa na ampli husoma kama 6 au 7 kwenye multimeta. Usibabaishwe na wati: 100 hazilii mara mbili ya 50.

Mwisho, piga kwa nusu saa au zaidi. Kuna hitilafu zinazojitokeza ampli ikishapata joto tu. Muuzaji atakunja uso, mwambie kwa heshima, "Papa, nivumilie, fedha ni za kwaya." Akisema hakuna umeme lakini inalia vizuri, muulize umeme utarudi saa ngapi, nawe urudi saa hiyo. Ampli ambayo sijaisikia siilipii.

Ukishalipa na kufika nyumbani, inunulie stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, usiichomeke papo hapo. Subiri dakika kumi, uone kwanza kama taa za nyumba zimetulia.