4WD ya zamani ya dizeli inasumbua kuwaka? Kabla hujanunua pampu soma hapa

Gari ikianza kusumbua watu wanakimbilia pampu na nozeli (zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini), vitu vya hela ndefu kabisa, kumbe mara nyingi ugonjwa ni mpira wa mafuta umechoka au klipu imelegea. Dizeli ya zamani haina mambo mengi, ipe mafuta yasiyo na hewa, joto la kuwashia na upepo wa kutosha, itaunguruma tu.

Anza na hewa inayoingia kwenye mafuta, hapo ndo wengi wanapigwa. Dalili yake ni hii, jioni umezima iko poa, asubuhi unapiga stata wee, inashika sekunde chache inazima, ukihangaika nayo inawaka ikitetemeka halafu inatulia kama hakuna kilichotokea. Maana yake usiku dizeli imerudi kwenye tanki. Sasa usitafute panapovuja, kati ya tanki na pampu mafuta yanavutwa, kwa hiyo penye tundu panaweza kuwa pakavu kabisa, hewa inaingia bila tone kutoka. Weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu, washa, angalia. Ukiona vipovu vinapita mfululizo rudi nyuma kiungo kwa kiungo, klipu, mipira, na kile kipampu cha mkono juu ya filta, oringi zake zinakauka na watu hawakifikirii kabisa.

Ukishaziba toa hewa: legeza skrubu ya filta, pampu kwa mkono mpaka povu liishe itoke dizeli tupu, kaza ukiwa bado unapampu. Ikigoma legeza nati za paipu za nozeli huku mwenzio anapiga stata, ila mkono na uso kaa navyo mbali, presha ya pale inatoboa ngozi.

Inasumbua ikiwa ya baridi tu? Pima plagi za hita, zile zinazopasha moto ndani ya injini kabla haijawaka. Chomoa ile bati inayoziunganisha, chukua taa ya kupimia, mguu mmoja chanya ya betri, mwingine kichwa cha plagi, isiyowasha taa imekufa. Na tafadhali usipulizie ile spreya ya kuwashia kwenye injini yenye plagi za hita, inaweza kulipuka ndani ikavunja pistoni.

Moshi nao unaongea. Mweusi upepo hautoshi au dizeli imezidi, cheki filta ya hewa kwanza. Wa bluu inakula oili. Mweupe unaonuka dizeli, mafuta hayajaungua vizuri, mweupe usioisha na maji ya rejeta yanapungua, hapo hofia gasketi ya hedi, kile kiziba kati ya hedi na bloku ya injini.

Kuchemsha: ukipita matope osha rejeta ukipuliza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ndogo, mapezi yasilale. Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto hata iweje.

Mwisho mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati sawa na pistoni, kama injini yako inautumia. Injini ya 1HZ ya Toyota kwa mfano, mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagonga pistoni. Umenunua gari na hujui ulibadilishwa lini, badilisha sasa hivi, usimsikilize anayekwambia bado unaonekana mzima, mkanda hauagi.