Kutoka uwanjani hadi ukocha wa raga: anza na kukaba

Ukiacha kucheza raga na kuanza kufundisha, kosa la kwanza ni kuwaonyesha vijana kasi yako. Mwili wako ulizoea kugongana, yao bado. Anza na kukaba, yaani kumwangusha mwenye mpira, maana hapo ndipo watu huumia.

Kwa Mtwara, mchanga wa Shangani unafaa maji yakishakupwa. Kagua kwanza vipande vya matumbawe na chupa.

Anayekaba apige magoti, mwenye mpira apite taratibu ubavuni mwake. Bega liingie pajani, macho juu, shavu liguse tako, mikono ifunge miguu yote miwili, kisha asukume. Kichwa kibaki nyuma ya mwili wa anayeangushwa. Kikitangulia mbele, goti au nyonga humgonga kichwani, au huangukiwa shingoni. Wakipatia mara 10 kila bega, wachuchumae, wasimame, ndipo wakimbie. Wengi bega la kushoto ni zito; lipe muda zaidi.

Watoto wa miaka 10 hadi 14 watumie mpira namba 4. Aliyegongwa kichwa akapepesuka, mtoe, asirudi siku hiyo hata akilia.

Kozi za mwanzo za World Rugby, shirikisho la raga la dunia, zipo bure mtandaoni. Zimalize kabla ya kushika filimbi.