Kabla Hujaanza Mazoezi ya Marathoni: Mifupa na Gegedu Kwanza

Wengi wakishajiandikisha mbio za Kilimanjaro pale Moshi huanza kuulizia viatu. Mimi ningeanza na kalenda. Mbio hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na anayengoja sikukuu zipite ndipo aanze mazoezi ameshachelewa. Kinachomchelewesha si pumzi, ni mfupa.

Pumzi huja ndani ya wiki chache. Mfupa una ratiba yake. Ni tishu hai yenye mishipa ya damu. Madini ya kalsiamu na fosfati huupa ugumu, na nyuzi za kolajeni huuzuia usikatike kirahisi. Ukianza kukimbia, seli zilizomo ndani yake huhisi mzigo mpya. Kwanza huja wabomoaji, osteoklasti, ambao kwa wiki mbili tatu hukwangua sehemu zilizochoka. Kisha wajenzi, osteoblasti, hujaza mashimo hayo, kazi ya miezi mitatu hivi. Kwa hiyo mwezi wa kwanza na wa pili kuna mashimo yasiyojazwa bado, na ndio wakati unaojiona una nguvu kuliko siku zote. Hapo ugoko au mifupa ya wayo hupata ufa. Anza Oktoba, ongeza kilomita kidogo kidogo.

Jua pia kutofautisha maumivu. Ya misuli husambaa. Ya ufa hukaa mahali pamoja, unapaonyesha kwa ncha ya kidole, na huzidi kadiri unavyokimbia. Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe chochote, kwa hiyo picha safi isikurudishe barabarani ikiwa ukipabonyeza bado panauma.

Gegedu la goti, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, lina habari nyingine kabisa. Unene wake ni milimita chache, sehemu kubwa ni maji, halina mishipa ya damu wala neva. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo: ukikanyaga, maji hukamuliwa, ukiinua mguu, hurudi na lishe. Ndiyo maana kukimbia kwa kiasi hakuliui, tofauti na wanavyotisha watu mitaani. Ila likichanika halitapiga kelele, na bila damu hupona kwa shida sana. Maumivu unayoyasikia hutoka kwenye mfupa wa chini yake au utando wa kiungo, mara nyingi madhara yakiwa yameshafika mbali. Kama goti lako huvimba, hukwama, au limewahi kufanyiwa upasuaji, muone daktari wa mifupa kabla ya kulipa ada ya mbio.

Chakula hakina siri: maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na jua la kutosha kwa vitamini D. Dada zetu wawe makini zaidi. Hedhi ikikatika katikati ya mazoezi, usiifurahie kama nafuu. Mara nyingi mwili haupati chakula kinacholingana na kazi, homoni ya estrojeni imeshuka, na mfupa unabomolewa kuliko unavyojengwa. Punguza kilomita, ongeza sahani, nenda hospitali.