Namna ya Kuingia Nuremberg kama Msafiri wa Mwaka 1509

Watu wengi wa Moshi na Arusha wanaofika Ujerumani, wawe wamekwenda kwa masomo, kwa ziara za sharika au kuwaona ndugu, huupitia mji wa Nuremberg kwa treni, wakapiga picha mbili tatu sokoni na kuendelea na safari. Mji huo unastahili zaidi ya hapo. Nitaeleza namna ya kuuingia kama alivyouingia msafiri wa karne tano zilizopita, kwa sababu naamini kwamba Mswahili anao ufunguo mmoja wa mji ule ambao wenyeji wake wa leo wameshauacha, yaani hesabu ya saa.

Kwanza, chagua mwaka mmoja na uushike. Mimi nachagua 1509, mwaka ambao mchoraji Albrecht Dürer alinunua nyumba yake chini ya ngome, na ambao saa ya kanisa la Frauenkirche ilikamilika. Ukishauchagua, kila jengo lililo mbele yako liulize umri wake. Ile minara minne minene ya mviringo kwenye malango makuu, kwa mfano, msafiri wako hakuiona ikiwa hivyo; ilikuwa ya pembe nne, na ukuta wa mviringo ilivikwa kati ya 1556 na 1559. Kumbuka pia kwamba tarehe 2 Januari 1945 mabomu yaliuteketeza sehemu kubwa ya mji wa kale, hivyo mengi utakayoyagusa ni mawe yaliyopangwa upya.

Pili, fika kwa miguu. Mwaka 1500 fundi wa dira wa Nuremberg, Erhard Etzlaub, alichapisha ramani ya njia za mahujaji waendao Roma. Kusini imewekwa juu, na njia zimechorwa kwa nukta, kila nafasi kati ya nukta na nukta ikiwa maili moja ya Kijerumani, ambayo ni takribani kilomita 7 na nusu. Kwa kipimo hicho, kutoka Moshi hadi Arusha zingekuwa nukta 11 hivi, yaani safari ya siku mbili hadi tatu kwa mtu mwenye mzigo. Jizoeze ungali nyumbani: beba begi utakalosafiri nalo, anzia Mnara wa Saa, upande kuelekea Kibosho hadi utimize nukta moja. Ukifika Ujerumani, shukia mji jirani wa Fürth, kisha utembee mpaka lango la Spittlertor. Umbali huo nao unakaribia nukta moja. Usiharakishe kuingia. Simama nje ya handaki, uutazame ukuta, ambao karibu kilomita 4 zake bado zimesimama, ujiulize ungemjibu nini mlinzi anayetaka kujua jina lako, utokako na shughuli iliyokuleta.

Sasa nije kwenye saa, jambo ninalolipenda kuliko yote katika safari hii. Sisi tumezoea kuutazama Mnara wa Saa pale Moshi, mshale ukiwa kwenye 12, na bila kusita tukasema ni saa 6 mchana, kwa kuwa tunahesabu tangu jua lilipochomoza. Nuremberg ya kale nayo ilihesabu hivyo hivyo. Kengele za mchana zilianza moja baada ya macheo, na za usiku zikaanza upya baada ya machweo. Tofauti ni kwamba kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima, lakini kule mchana wa Desemba ulihesabiwa saa 8 tu na ule wa Juni ukafikia saa 16, na katikati ya misimu hesabu ilibadilishwa hatua kwa hatua. Kwa hiyo usiku wa kuamkia ziara yako, tafuta kwenye simu muda wa macheo ya Nuremberg, uuandike kwenye karatasi, kisha simu uizime. Jua likichomoza, anza moja. Ukikutana na mtu sokoni saa 3, iwe ni saa 3 tangu macheo, kama ambavyo ungepatana na mama muuza ndizi wa Mbuyuni.

Katikati ya mchana wa leo, yaani saa 6 kwa hesabu yetu ya kawaida, uwe umesimama sokoni, mbele ya Frauenkirche. Chini ya uso wa saa ameketi sanamu ya Kaisari Karolo wa Nne, na wakuu saba waliokuwa na haki ya kumchagua mfalme wanatoka mlangoni, wanamzunguka mara tatu, wanarudi ndani. Ni kumbukumbu ya hati ya mwaka 1356 iliyowathibitishia haki hiyo. Tazama, kisha uinamishe macho chini unapokanyaga. Soko hilo lilikuwa mtaa wa Wayahudi, uliobomolewa mwaka 1349 na wakazi wake wengi wakauawa; kanisa lenyewe limesimama palipokuwa sinagogi. Msafiri wa 1509 angekuta mji ambao miaka kumi tu nyuma, mwaka 1499, ulikuwa umewafukuza Wayahudi wake wote waliobaki. Ziara inayoruka habari hii si ya kweli.

Hapo hapo sokoni nunua mkate wa viungo uitwao Lebkuchen (wasiokula nguruwe waziache soseji ndogo za mji huo), uunuse kabla ya kuuma. Mdalasini na karafuu zilikuwa mali ya wafanyabiashara wakubwa, na karafuu za wakati huo zilitoka visiwa vya Maluku, kwani Zanzibar ilikuwa bado haijapanda mikarafuu. Nyumba za biashara za Nuremberg, zikiwemo za Hirschvogel na Imhoff, ziliweka fedha katika msafara wa Wareno ulioongozwa na Francisco de Almeida mwaka 1505. Msafara huo ndio uliouteka Kilwa mwezi Julai na kuichoma Mombasa mwezi Agosti. Unapotafuna kipande hicho cha mkate, basi, umesimama kwenye soko lililokuwa na mkono wake pwani yetu. Nawasihi walimu wa historia wanaosafiri na wanafunzi wasimame hapo kwa muda mrefu.

Jioni, rudi ndani ya ukuta kabla jua halijazama, maana malango yalifungwa. Ukienda Desemba, hesabu yako itakoma kwenye saa 8. Washa simu sasa, upige nyumbani. Moshi itakuwa yapata saa 12 na robo, jua likiwa nalo linakaribia kuzama, na atakayepokea atakuambia kuku wameanza kuingia bandani.