SOMO: Kutuma makala kwenye jarida la elimu ya tiba, kuanzia kibali hadi majibu ya wapitiaji

Wakuu, habari za jioni. Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Mwalimu, nina data za wanafunzi, naanzia wapi kuchapisha?" Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa WhatsApp, nimejibu kwenye korido pale hospitali ya Maweni watu wakiwa wanawahi raundi. Leo naandika yote hapa, na atakayeuliza nitamleta kwenye uzi huu.

Nafundisha matabibu na wauguzi hapa Kigoma. Somo ni la wanaofundisha: wakufunzi wa vyuo na wale wanaolea wanafunzi wodini. Kama utafiti wako unahusu dawa ya malaria kwa wagonjwa, tafuta jarida la tiba. Jarida la elimu ya tiba linataka kujua watu wanajifunzaje kazi hii.

1. Pata swali. Mhariri hahitaji ripoti ya chuo chako. Anahitaji jambo ambalo mkufunzi wa Nepal akilisoma litamfaa darasani kwake. "Wanafunzi walifurahia mafunzo" ni ngazi ya kwanza tu kati ya nne za Kirkpatrick za kupima mafunzo. Zinazofuata ni walichojifunza, wanavyofanya kazini, na matokeo yake kwa wagonjwa au taasisi. Ukiishia kwenye kufurahia, mara nyingi andiko linarudi bila hata kufika kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaolipima kabla halijachapishwa.

2. Chagua jarida kabla ya kuandika. BMC Medical Education, Medical Teacher, African Journal of Health Professions Education, na mengine. Soma makala zake za karibuni na maelekezo kwa waandishi, neno kwa neno.

3. Kibali cha maadili. Hapa tulieni. Makala nyingi za vyuo vyetu zinafia hapa, na zikishafia hapa hazifufuki.

Kibali kinatangulia data. Hakuna kamati inayokupa leo kibali cha dodoso ulilogawa mwaka jana. Unaomba NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kwenye kamati ya chuo kikuu. Kwa sisi wa magharibi, kamati ya CUHAS, chuo kikuu cha afya kule Bugando, Mwanza, ni ya karibu. Barua ya mkuu wa chuo inayosema "tumemruhusu" ni ruhusa ya kuingia darasani tu. Kibali cha maadili ni barua nyingine, ina namba yake, na namba hiyo jarida litaidai.

Halafu kuna ridhaa ya wanafunzi. Mwanafunzi ni mtu aliye chini yako. Piga picha: mazoezi ya kufunga kidonda yamekwisha, mwalimu anagawa dodoso kwa mkono uleule unaosaini logibuku, kile kitabu cha kumbukumbu za mazoezi yao, na juu ya karatasi kuna nafasi ya namba ya usajili. Nani atakataa? Nani ataandika kwamba mwalimu hafundishi vizuri? Azimio la Helsinki la maadili ya utafiti kwa binadamu, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha mwaka 1964 na kimelirekebisha mara kadhaa tangu hapo, linasema mtu aliye tegemezi kwako aombwe ridhaa na mwingine asiye na mamlaka juu yake. Kwa hiyo:

- Atafutwe mtu asiyewafundisha wala kuwasahihishia, awaeleze utafiti na kukusanya fomu.
- Mwalimu atoke chumbani. Atoke kabisa, asisimame mlangoni.
- Namba ya usajili isiwepo. Ukitaka kulinganisha kabla na baada ya mafunzo, tumia alama ya siri anayoichagua mwanafunzi mwenyewe.
- Iandikwe kwenye fomu kwamba kukataa hakugusi alama zake, na iwe kweli.
- Data zisifunguliwe mpaka matokeo ya muhula yatoke.

Yote hayo yaeleze kwenye sehemu ya mbinu. Mpitiaji akisoma "wanafunzi wote waliridhia" bila maelezo, anashtuka, na ana haki ya kushtuka.

4. Andika. Utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, andika mwisho. Tumia orodha ya ukaguzi wa mambo ya kuripoti: SRQR kwa utafiti wa mahojiano, STROBE yenye vipengele 22 kwa dodoso. Marejeo weka kwenye Zotero, programu ya kuyapanga, ni bure.

5. Waandishi. Kanuni za ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni nne, na mtu azitimize zote: amechangia wazo au data, ameandika au amehakiki kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Bosi aliyetoa gari anashukuriwa kwenye shukrani. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, maana ugomvi wa nani awe wa kwanza huvunja urafiki wa miaka.

6. Safisha faili. Baadhi ya majarida huficha majina ya waandishi kwa wapitiaji. Ukurasa wa jina la makala na waandishi unakuwa faili la peke yake. Badala ya jina la chuo andika "chuo kimoja cha afya magharibi mwa Tanzania". Kisha fungua sifa za faili la Word ufute jina lako, na ufute maoni ya pembeni. Nimeona andiko limeondolewa majina yote vizuri, halafu pembeni kuna maoni ya msimamizi yenye jina lake kamili.

7. Ada ya kuchapisha. Omba msamaha wa ada siku ileile ya kutuma. Wachapishaji BMC, kwa mfano, hawapokei maombi makala ikishakubaliwa. Na jueni kwamba Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza kwenye uchumi wa kati wa chini, kwa hiyo baadhi ya majarida yanayosamehe nchi maskini kabisa kwetu hutoa punguzo tu. Soma sera ya jarida kabla hujatuma.

8. Tuma. Andaa ORCID, ile namba yako ya mtafiti yenye tarakimu 16, na barua fupi kwa mhariri. Jarida moja kwa wakati mmoja.

9. Jibu wapitiaji. Tengeneza jedwali: hoja yao, jibu lako, ukurasa na mstari uliobadilisha. Usiruke hoja hata moja. Unaruhusiwa kukataa hoja, ila kwa sababu na kwa heshima.

MASWALI

Mwanachuo Ujiji: Somo zuri mwalimu. Kibali ni lazima kama ni dodoso tu?

Mwalimu: Hatua ya 3.

Mwanachuo Ujiji: Nimeisoma mkuu, ila langu lina maswali kumi tu.

Mwalimu: Idadi ya maswali haibadilishi kitu. Wanaojibu ni watu. Kibali.

Tabibu wa Uvinza: Naomba unirushie makala yako moja nibadilishe data niingize zangu.

Mwalimu: Huo ni wizi wa kitaaluma. Sitarusha.

Muuguzi Kibondo: Shikamoo mwalimu. Nalea wanafunzi wodi ya wazazi. Darasani wanachora partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, vizuri kabisa. Wodini wengi wanaijaza mama akishajifungua. Kuna cha kuandika hapo? Wanafunzi wenyewe ni wachache.

Mwalimu: Marahaba dada. Kipo, tena kikubwa. Soma piramidi ya Miller ya mwaka 1990, inayopanga ngazi za umahiri: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha, anatenda. Mtihani wa vituo wa OSCE unapima pale anapoonyesha. Wewe umeona shimo kati ya kuonyesha na kutenda, na wapo wakufunzi wengi wanaoliona bila kulieleza. Uchache usikutishe, hapa huna haja ya kuhesabu asilimia. Fanya mahojiano: nini kinatokea saa nane usiku, nani anaishika karatasi, muuguzi wa zamu anasemaje mwanafunzi akianza kuijaza? Endelea mpaka usisikie jambo jipya. Usiwahoji wewe, maana unawasimamia. Ukitaka kuziangalia partografu zenyewe, hizo ni nyaraka za wagonjwa, ziandike kwenye ombi la kibali. Na eleza kama mnatumia partografu ya zamani au mwongozo wa WHO wa 2020, mpitiaji ataliuliza.

Tabibu wa Urambo: Kuna jarida limeniandikia kwa barua pepe, wanachapisha ndani ya siku tano ukilipia. Vipi?

Mwalimu: Kaa mbali. Jarida la kweli haliahidi kukukubali kabla halijasoma. Litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, halafu ona kama unawafahamu hata wawili kati ya wahariri wake.

Mkufunzi Tabora: Unaponda sana. Mimi nimechapisha huko na nimepanda daraja.

Mwalimu: Sijamponda mtu. Nimesema kuhusu majarida. Kazi ya mwanafunzi aliyetoa saa yake kujibu maswali yangu inastahili kusomwa na mtu mwenye ujuzi kabla haijachapishwa, na hapo sirudi nyuma.

Mwanachuo Ujiji: Akili mnemba inaruhusiwa kunyoosha Kiingereza?

Mwalimu: Swali zuri hili. Majarida mengi yanaruhusu ukitaja ulivyoitumia. Haiwezi kuwa mwandishi. Usiiachie marejeo, inatunga makala ambazo hazipo. Fungua kila moja kwa macho yako.

Tabibu wa Uvinza: Makala zenyewe za kusoma zinalipiwa.

Mwalimu: Muulize mkutubi kuhusu Hinari, mpango wa majarida ya afya ulio chini ya Research4Life. Chuo kikijisajili, mnasoma maelfu ya majarida bila kulipa.

Mkufunzi Tabora: Hilo kweli, sisi tunayo. Nyongeza: mtandao ukisumbua, tumeni alfajiri, na picha zipakieni moja moja.

Muuguzi Kibondo: Mwalimu, ruhusa ya hospitali naiandikia kwa nani?

Mwalimu: Kwa mganga mfawidhi, nakala kwa muuguzi mfawidhi wa hospitali na wa wodi. Ambatanisha muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Rasimu ikiwa tayari nitumie, nitaisoma.