Kuunda Dakota ya skeli ya 1/32 kwa seti ya vakyumu: unapewa ngozi, mifupa unaweka mwenyewe

Wadau wa modeli, leo naongelea zile seti ambazo ukifungua boksi hukuti vipande vilivyochongwa tayari, unakuta mashiti meupe ya plastiki yamevimba maumbo, nusu ya bodi huku, bawa kule, na karatasi ya mchoro basi. Ndio za vakyumu hizo. Shiti ya polistirini inapashwa moto mpaka inalegea, inalazwa juu ya kalibu alafu hewa inafyonzwa kwa chini, plastiki inajibana kwenye kalibu na kuchukua umbo lake. Sasa kwa vile ni shiti tu iliyovutwa, hakuna pini za kushikanisha wala ndani hakuna kitu, ni ganda tupu. Ukilielewa hilo mapema utaacha kuitafuta ndege ndani ya boksi, maana ndege haimo, ilichomo ni ngozi yake.

Mfano wangu ni Dakota, yaani Douglas DC-3 na ndugu yake wa jeshini C-47. Iliruka mara ya kwanza 17 Desemba 1935 kule Santa Monica, California, C-47 zikaja kuundwa zaidi ya 10,000, na huku kwetu wazee wanaijua vizuri kwa sababu East African Airways waliirusha miaka mingi kabla shirika halijavunjika 1977. Mzee wangu alikuwa akisikia jina Dakota anaacha chai anaanza kusimulia ule mngurumo wake, ndio maana kati ya ndege zote nilianza na hii.

Ndege halisi ina kama mita 29 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, gawa kwa 32 unapata sentimita 90 na kitu, na bodi inakuja kama sentimita 61. Kwa hiyo kabla hujashika kisu pima meza, pima na mahali itakapokaa ikishaisha.

Vifaa havitishi. Kisu cha bledi za kubadilisha na bledi nyingi (usibane hela hapa, bledi butu inateleza na inakata kidole), rula ya chuma, kipande cha kioo kinene cha dirisha, msasa wa maji namba 120, 180, 400, 800 na 1200, penseli, gundi ya majimaji ya modeli ile inayoyeyusha plastiki, supaglu, shiti za ziada za plastiki za milimita 1 na 1.5, na paipu nyembamba za brasi. Gundi ya mabomba ya PVC iache dukani, ni nzito na inakula ganda jembamba vibaya. Na mabaki yote ya shiti unayokata TUNZA, nitakwambia kwanini.

Haya, kukata. Kabla ya chochote pitisha penseli yenye ncha kali kuzunguka kila kipande pale kinapokutana na shiti, penseli uilaze iguse kona kabisa. Huo mstari ndio utakuongoza kazi nzima. Alafu chukua kisu, kilaze kama nyuzi 45 kikiangalia nje ya kipande, pitisha mara mbili tatu kwa wepesi, usitake kukata mpaka chini, unachora mfereji tu. Ukishazunguka kunja shiti taratibu kwenda upande wa nyuma, inavunjika yenyewe, tak, kipande kinatoka kikiwa na ukingo mdogo wa ziada. Ukingo huo ni unene wa shiti yenyewe na lazima uondoke wote. Usipoondoka, kila nusu inakuwa nene kwa milimita moja au zaidi, ukiunganisha mbili bodi limenenepa na bawa limekuwa kama ubao.

Hapo sasa tunaingia kwenye msasa na hapa ndipo nakuomba utulie kuliko sehemu yoyote. Laza msasa namba 120 au 180 juu ya kioo, nyunyiza maji na tone la sabuni ya vyombo, weka kipande kifudifudi, zungusha kama unachora namba nane. Kioo kwa sababu kimenyooka, meza ya mbao inadanganya. Maji kwa sababu vumbi la plastiki si la kuvuta kifuani na pia msasa hauzibi haraka. Kipande kama bawa ni kigumu kushika, mikono inachoka unaanza kukandamiza upande mmoja bila kujua, kwa hiyo kunja tepu ya karatasi iwe kama mpini na ubandike mgongoni mwa kipande. Kila baada ya mizunguko ishirini hivi geuza kipande, mbele iwe nyuma, na angalia ule mstari wa penseli. Ukiona ukingo wa ziada umekuwa mwembamba mpaka unapitisha mwanga na unaanza kujibandua kama ganda la kitunguu, simama, umefika. Malizia na namba 400 kwa mkono mwepesi.

Nusu yangu ya kwanza ya bodi nilipitiliza upande wa mkia kwa sababu nilikuwa naangalia redio na saa badala ya mstari, ikabidi niongeze kipande cha plastiki chembamba kama uzi urefu wa kiganja, nikapoteza jioni mbili. Inatengenezeka, plastiki hii inasamehe, ila mstari wa penseli ungeniokoa.

Mabawa yana jambo la ziada. Ukingo wa nyuma wa bawa kwenye ndege halisi ni mkali, kwa hiyo haitoshi kusaga tambarare, unatakiwa usage kwa NDANI, nusu ya juu na ya chini, mpaka karibu na ukingo plastiki iwe nyembamba kama kadi ya mwaliko. Shika nusu mbili pamoja bila gundi, angalia kwa ubavu, rudi tena. Kwa Dakota ukingo wa nyuma umenyooka karibu kabisa na ukingo wa mbele ndio umerudi nyuma, ukisaga ovyo unaharibu lile umbo linaloifanya mtu aitambue kwa mbali.

Sasa mifupa. Kabla ya kufunga bodi kata vipande vya shiti ya 1.5 vya kukaa kama mbavu, vitano sita hivi, kimoja nyuma ya kokpiti (chumba cha rubani), viwili pale bawa linapopita, kingine kabla ya mkia. Umbo unalipata kwa kukunja waya laini wa lehemu kwenye ganda kwa nje alafu unachora kwenye kadi, kata kadi, jaribu, punguza kwenye kadi unene wa ganda, ndio uhamishie kwenye plastiki. Kando ya kingo gundisha kwa ndani vijipande vya shiti upana wa sentimita moja, nusu ya upana ikitokeza nje, kimoja upande huu kingine upande ule, hivyo ndio pini zako za kushikanisha.

Bawa la Dakota la katikati limelala sawa na ndilo linabeba injini, mabawa ya nje ndio yanapanda juu. Kwa hiyo pitisha paipu ya brasi au kipande cha mbao ngumu katikati ya bodi toka injini hadi injini, na kwenye maungio ya nje weka kipande kilichokatwa pembe ya mpando huo, pande zote mbili kwa kigezo kimoja cha kadi. Ukiamini macho tu bawa moja litapanda zaidi ya jingine na hilo halifichiki.

Madirisha ya abiria toboa kabla hujafunga bodi. Tundu dogo kila kona, unganisha kwa kisu, malizia na faili. Kokpiti na sakafu pia sasa, ukishafunga umefunga.

Kufunga: shika nusu mbili kwa raba na tepu ya karatasi, gusa brashi yenye ile gundi ya majimaji kwenye mshono, inaingia yenyewe. Nenda sentimita tano tano, subiri, endelea. Fungua dirisha la chumba kabisa, moshi wa gundi hiyo ni mbaya. Na toboa tundu dogo mahali pa kujificha, mfano kwenye shimo la tairi, kwa sababu mvuke wa gundi ukifungiwa ndani unalainisha plastiki siku nzima, na ganda lililozibwa kabisa likipata joto hewa inatanuka inafungua mshono. Ukiwa Dar au Mombasa usiithubutu kuiacha ndani ya gari lililopaki juani.

Yale mabaki niliyosema utunze, katakata vipande vidogo, weka kwenye kichupa, mimina gundi ya majimaji, kesho yake una uji wa plastiki. Hiyo ndio fila (kijazio) bora ya mishono maana ikikauka ni plastiki ile ile, inasagika sawa na jirani yake. Inasinyaa lakini, kwa hiyo paka ijae kidogo na uiache siku tatu nne. Bodi fila ya magari itumie kwenye mabonde makubwa tu, tabaka jembamba.

Injini ni Pratt & Whitney R-1830, silinda 14 kwenye safu mbili za saba saba. Habari njema ni kwamba ndege ya kivita Wildcat, toleo la F4F-4, ilitumia injini ya familia hiyo hiyo, kwa hiyo injini za seti za Wildcat za 1/32 zinakufaa, unahitaji mbili. Propela ina majani matatu na kipenyo kama sentimita 11 kwa skeli hii. Miguu ya kutua usiamini plastiki, ganda na mbavu na injini vina uzito, tengeneza kwa brasi na uchomee kwa lehemu, kama huna chuma cha kuchomea fundi redio atakufanyia dakika kumi. Uzuri ni kwamba hii inakalia mkia, huhitaji kutia uzito puani.

Kioo cha kokpiti jaza udongo wa watoto wa kuchezea kwa ndani kabla ya kukata, bledi mpya kabisa, na kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, supaglu inakifanya kiwe na ukungu.

Rangi: praima (rangi ya kwanza ya msingi) ya magari ya kopo inafaa ila ijaribu kwanza kwenye mabaki, puliza tabaka nyepesi kwa mbali, ukimwaga inauma plastiki. Praima itakuonyesha kila mkwaruzo, rudi namba 800, kisha 1200. Rangi ya alumini inataka chini yake nyeusi ya kung'aa iliyokauka vizuri. Pwani usipulize alfajiri wala baada ya mvua, unyevu unaifanya rangi iwe na weupe weupe, ngoja saa tano mpaka saa tisa.

Maandishi chagua picha MOJA ya ndege moja ya mwaka fulani uifuate hiyo, kwa sababu mashirika yalibadilisha rangi. Namba za usajili za Kenya kabla ya uhuru zilianza na VP-K, baadaye 5Y, Tanzania 5H na Uganda 5X, ukichanganya rangi za zamani na namba za baadaye mzee yeyote aliyefanya kazi uwanjani ataona. Stika zikikauka pitisha vanishi, kisha toa vizibo vya madirisha (ile tepu uliyofunikia vioo kabla ya kupuliza rangi), na antena iwe ya mwisho kabisa maana ndio unayoigonga na mkono kila ukigeuza ndege.